Habari moja, masikio mawili: namna ya kujizoeza kusikiliza Kiingereza kwa taarifa za habari

Kuna lalamiko ninalolisikia kila mara kwa watu waliomaliza kidato cha nne, hata kwa waliotoka chuo: "Kiingereza nakisoma, barua ya kazi naandika bila shida, lakini mtangazaji akianza kusoma habari siambulii kitu." Lalamiko hilo ni la kweli na lina sababu. Kwa Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hicho hukipata zaidi ubaoni na daftarini. Macho yanakijua, lakini masikio hayajazoeshwa.

Mwongozo huu ni wa kuziba pengo hilo kwa kutumia habari zilizoandaliwa kwa ajili ya watu wanaojifunza lugha. Jambo moja nalisisitiza tangu sasa, na hatua zote zinazofuata zinalitegemea: habari moja ya dakika mbili au tatu, iliyosikilizwa na kurudiwa hadi kila neno lisikike, ina faida kuliko saa nzima ya redio inayojisemea chumbani huku wewe unafua nguo.

Kwa nini habari

Wengi huanza na filamu au nyimbo kwa sababu zinapendeza. Sikatai kupendeza, ila kwa anayeanza ni njia ngumu. Filamu ina muziki nyuma ya maneno, watu wanakatizana, wananong'ona, wanaongea misimu ya mtaani kwao. Wimbo hunyoosha neno hapa na kulikata pale ili lifuate mdundo. Habari husomwa na mtu mmoja, studio iko kimya, na sentensi zimeandikwa kabla. Tena sentensi ya kwanza karibu kila mara hubeba kiini: nani, amefanya nini, wapi, lini. Ukiipata hiyo, zinazofuata zinafafanua tu.

Sababu ya pili ina uzito zaidi kwetu. Tukio hilo hilo unaweza kulipata kwa Kiswahili. BBC inatangaza kwa Kiswahili tangu 1957, DW tangu 1963, na vituo vya nyumbani ni vingi. Mtu aliyekwisha kusikia kwa Kiswahili kwamba kumetokea tetemeko nchi fulani, anaposikiliza Kiingereza hatumii nguvu zake kukisia kilichotokea. Nguvu zote anazipeleka kwenye sauti za maneno, na hapo ndipo penye kazi.

Tatizo lenyewe liko wapi

Kiswahili kinatupa masikio ya namna yake. Tuna irabu tano, kila irabu husikika kikamilifu popote ilipo, silabi zinatembea kwa urefu unaokaribiana, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likiandikwa, ndivyo linavyosomwa.

Kiingereza kinakwenda vingine. Kina sauti za irabu zinazokaribia 20, na irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote ni ile hafifu, isiyo a kamili wala e kamili, ambayo haina hata herufi yake. Mzungumzaji huchagua silabi chache katika sentensi akazipa nguvu, zilizobaki anazimeza. Maneno madogo kama "to", "of", "as", "was" na "has" huchoka kiasi kwamba msikilizaji wa Kiswahili anaapa hayakutamkwa. Halafu neno linaloishia kwa konsonanti hujishika na irabu ya neno linalofuata, mpaka husikii mpaka wa neno na neno.

Kwa hiyo unaposema "wanaongea haraka mno", mara nyingi kasi si kosa lao kubwa. Wamemeza silabi ambazo wewe unasubiri kuzisikia. Hili likikaa kichwani, utajua ni kitu gani unakifanyia mazoezi.

Hatua ya 1: Chagua chanzo kinacholingana na kiwango chako, chenye sauti na maandishi

Sharti kuu ni kwamba habari iwe na sauti pamoja na maandishi yake kamili, neno kwa neno. Bila maandishi hutajua ulikosea wapi.

Kuwasomea wanafunzi wa lugha habari polepole ni kazi ya siku nyingi. Sauti ya Amerika, VOA, ilianzisha matangazo iliyoyaita Special English tarehe 19 Oktoba 1959: msamiati wa msingi wa maneno takriban 1,500, sentensi fupi zenye wazo moja moja, na mwendo wa kama theluthi mbili ya usomaji wa kawaida. Baadaye matangazo hayo yakabadilishwa jina kuwa Learning English. Machi 2025 shughuli nyingi za VOA zilisimamishwa, kwa hiyo usitegemee habari mpya kutoka huko kila asubuhi. Lakini habari za miaka ya nyuma zilizohifadhiwa ni nyingi sana, na kwa zoezi letu habari ya 2019 inafaa sawa na ya leo.

BBC nayo inafundisha Kiingereza kwa redio tangu 1943. Katika ukurasa wake wa BBC Learning English kuna vipindi vifupi vinavyochambua lugha ya habari, pamoja na 6 Minute English, mazungumzo ya watu wawili yenye maandishi yake, ingawa si neno kwa neno kila mahali. Hicho cha pili ni kigumu kidogo kwa sababu sauti ni mbili na wanaongea kwa kasi inayokaribia ya kawaida. Kiweke kwa baadaye.

Kwa anayeanza kabisa, tovuti ya News in Levels huandika habari moja kwa viwango vitatu, kutoka sentensi za mtoto hadi Kiingereza halisi. Breaking News English ina viwango zaidi, na baadhi ya habari zake husomwa kwa mwendo tofauti tofauti, ukaweza kupanda ngazi ndani ya habari ile ile.

Utajuaje kiwango chako? Fungua maandishi ya habari usome bila kusikiliza. Kama katika mistari kumi kuna maneno zaidi ya matano au sita usiyoyajua hata kwa kuyaona, shuka kiwango. Sikio haliwezi kukuletea neno ambalo halimo kichwani mwako.

Hatua ya 2: Pakua, uache kuhangaika na bando

Zoezi hili linahitaji kurudisha sauti nyuma mara nyingi. Ukifanya hivyo ukiwa mtandaoni, video itakumaliza bando kabla hujafika nusu. Pakua faili la sauti peke yake. Faili la kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa sauti ya mtu anayeongea, hula karibu nusu megabaiti kwa dakika. Habari ya dakika nne haifiki megabaiti mbili. Pakua za wiki nzima siku moja ukiwa mahali penye waifai.

Tumia visikilizio vya masikioni, hata vya bei ndogo. Kelele za mtaani hufunika kwanza konsonanti hafifu kama s, f na th, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Katika simu, hakikisha programu yako ya kuchezea sauti ina kitufe cha kurudi nyuma sekunde tano au kumi. Kalamu na karatasi ni lazima. Kuandika kwenye simu hiyo hiyo unayosikilizia kunachosha, na programu ya maandishi itakusahihishia tahajia na kukuficha kosa lako.

Hatua ya 3: Sikiliza mara ya kwanza bila kusimamisha na bila kuona maandishi

Soma kichwa cha habari tu. Jiulize mwenyewe, kwa Kiswahili, unategemea kusikia nini. Kichwa kikitaja mafuriko, utasikia idadi ya watu, jina la mto au mji, na ofisa wa serikali akinukuliwa. Kisha achia sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Usisimamishe hata ukipotea. Kupotea na kurudi ni ujuzi wenyewe, kwa sababu mtu anayezungumza nawe ana kwa ana hana kitufe cha kumrudisha nyuma. Ukimaliza, andika kwa Kiswahili majibu manne: nani, nini, wapi, lini. Ukipata mawili umeanza vizuri. Usipopata hata moja, rudia mara moja zaidi kabla ya kukata tamaa na habari hiyo.

Hatua ya 4: Sikiliza mara ya pili kwa ajili ya majina na tarakimu tu

Hatua hii ni fupi, lakini watu wengi huiruka na wanajutia kwenye mitihani ya usikilizaji. Majina ya nchi yanabadilika sura: Uganda inaanza kwa "yu", China inakuwa "chaina", Misri ni "Egypt", Ugiriki ni "Greece". Weka ukurasa mmoja wa daftari kwa ajili ya majina unayoyakuta, na kando yake andika yanavyosikika.

Kwenye tarakimu, hatari kubwa ni kati ya 13 na 30, 14 na 40, 15 na 50, hadi 19 na 90. Usisubiri ile n ya mwisho, mara nyingi haitakusaidia. Sikiliza mkazo: kwenye "fifteen" nguvu huelekea mwishoni na silabi ya mwisho inavutwa, kwenye "fifty" nguvu iko mwanzoni na mwisho unakatwa haraka. Mmarekani akisema "twenty", t ya pili mara nyingi hutoweka na utasikia "tweni". Mwaka husomwa vipande viwili, 2019 ni "twenty nineteen".

Na saa. Habari ikisema mkutano umeanza "at nine in the morning", hiyo ni saa tatu asubuhi. Zoea kuandika saa kama ulivyoisikia kwanza, kisha uibadilishe baadaye ukiwa umetulia. Ukijaribu kubadilisha papo hapo utakosa sentensi nzima inayofuata.

Hatua ya 5: Imla, sentensi moja moja

Kama una dakika kumi tu kwa siku, acha mengine yote ufanye hii. Cheza sentensi moja, simamisha, andika ulichosikia. Rudia hadi mara nne au tano. Palipobaki kiza weka mstari mtupu, songa mbele.

Ninapendekeza njia ambayo sisi waandishi wa Kiswahili tumejaliwa. Pale ambapo hujui neno ni lipi, andika sauti kwa herufi za Kiswahili kama ulivyoisikia, hata kama halina maana. Maandishi yetu yanafuata matamshi, kwa hiyo yanafaa sana kunasa sauti kabla haijapotea. Karatasi hiyo ni ya kutupa baadaye. Tahajia ya Kiingereza hatujifunzi kwayo.

Hebu tuifanye pamoja. Hii hapa chini ni habari niliyoiandika mwenyewe kwa mtindo wa habari za wanafunzi, kuhusu tukio la tarehe 12 Oktoba 2019 ambalo msomaji wa Afrika Mashariki analijua:

"Kenyan runner Eliud Kipchoge has become the first person to run a marathon in less than two hours. He finished the race in Vienna, Austria, on Saturday. His time was one hour, 59 minutes and 40 seconds. The time will not count as a world record because it was not an open race. Kipchoge was helped by 41 other runners."

Mpe mtu anayejua Kiingereza vizuri aisome kwa mwendo wa kawaida, bila kukuonyesha. Mwanafunzi anayeanza huandika mambo kama haya:

"Has become the first person to run" huwa *azbikam dhafas pesen taran*. Angalia kilichotokea: h ya "has" imekwenda, t ya "first" imezama kwenye p ya "person", na "to" imebaki sauti ndogo isiyo na umbo.

"Count as a world record" huwa *kauntaza weld rekod*. Maneno matatu, "count", "as" na "a", yamekuwa kipande kimoja. Huyu mwanafunzi anayajua yote matatu tangu darasa la tano, lakini *kauntaza* hajawahi kulisikia.

"Was helped by" huwa *wazhelpbai*. Alama ya wakati uliopita imemezwa kati ya p na b. Hapa sikio peke yake halitoshi, sarufi inakuja kusaidia: kuna "was" mbele na "by" nyuma, basi kitenzi lazima kiwe "helped". Kwa jumla ile "ed" ina matamshi matatu. Kwenye "helped" ni t, kwenye "killed" ni d, na kwenye "wanted" ni silabi kamili. Tulizoea kuitamka silabi kamili kila mahali, ndiyo maana tunaisubiri pasipo nayo.

Sehemu kama *kauntaza* ndizo unazozitafuta. Habari moja ikikupa vipande vitano vya namna hiyo, umevuna.

Hatua ya 6: Fungua maandishi, usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine

Sasa ndiyo unaruhusiwa kuona. Linganisha neno kwa neno, kisha weka kila kosa kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza ni maneno usiyoyajua. Haya ni kazi ya kamusi, na huwa machache kuliko watu wanavyodhani. Andika yasiyozidi matano kwa habari moja, pamoja na sentensi yake.

Fungu la pili ni maneno unayoyajua ila hukuyasikia. Hili ndilo fungu kubwa kwa karibu kila mwanafunzi niliyekaa naye, na ndilo linalostahili muda wako. Rudi kwenye sauti, sikiliza kipande hicho peke yake huku unatazama maandishi, mara tano, mara sita, mpaka macho na masikio yakubaliane. Kisha funga macho usikilize tena. Utashangaa kwamba sauti ile ile uliyoiona kelele dakika kumi zilizopita sasa ni maneno safi.

Fungu la tatu ni maneno uliyoandika lakini hayakusemwa. Mara nyingi ni kisio la akili kwa kuwa ulidhani unajua habari inakwenda wapi. Si kosa baya, ila linakuonyesha ulipoacha kusikiliza ukaanza kubuni.

Angalizo kuhusu manukuu ya YouTube yanayojitengeneza yenyewe: usiyatumie kama maandishi ya kusahihishia. Hukosea majina, hasa ya Kiafrika na ya Kiarabu, na mwanafunzi hawezi kujua nani amekosea kati yake na mashine. Tumia maandishi yaliyoandikwa na mwenye habari.

Hatua ya 7: Sema pamoja na msomaji

Cheza sauti tena, maandishi yakiwa mbele yako, na useme kwa sauti nusu pumzi nyuma ya msomaji, kama maamuma anavyomfuata imamu: humtangulii, wala huachwi mbali. Iga mpaka namna anavyomeza. Akisema *kauntaza*, nawe sema *kauntaza*. Wengine huona aibu hapa, wanaona wanajifanya Wazungu. Ondoa aibu hiyo. Hatubadilishi lafudhi yako. Ukiongea na watu ongea kama unavyoongea siku zote. Lakini mdomo uliokwisha kulitamka umbo fulani hulitambua haraka sana likipita sikioni.

Fanya mara tatu ukiwa na maandishi, kisha jaribu mara moja bila maandishi.

Hatua ya 8: Rudi kesho

Kesho yake, kabla ya kuanza habari mpya, sikiliza ya jana bila maandishi. Dakika tatu tu. Ukisikia kila neno, ifunge. Ukikuta kipande kimerudi kuwa kiza, kirudie hapo hapo. Kisha msimulie mtu habari hiyo kwa sentensi tatu au nne; kwa Kiingereza kama yupo wa kukusikiliza, kwa Kiswahili kama hayupo. Kusimulia kwa Kiswahili si kupoteza muda, kunaonyesha kama ulielewa au ulikuwa unasikia maneno tu.

Ratiba ninayoipenda ni habari moja kwa siku tatu. Siku ya kwanza hatua ya 3 na ya 4, na mwanzo wa imla. Siku ya pili kumaliza imla na kusahihisha. Siku ya tatu kusema pamoja na msomaji, kisha kusikiliza kwa jumla. Dakika ishirini kwa siku zinatosha. Anayejipa saa mbili Jumamosi na kuacha siku nyingine zote huchoka katikati, na masikio yaliyochoka hayajifunzi.

Maneno ya habari yanayojirudia

Lugha ya habari ina vipande vyake ambavyo hutokea kila siku, na kuvijua kwa sikio kunakupunguzia mzigo. "According to" hutaja aliyetoa taarifa. "Officials say" husikika karibu kama neno moja na hutangulia maelezo ya serikali. "At least", yaani wasiopungua, huja kabla ya idadi ya waliokufa au kujeruhiwa, kwa hiyo ukiisikia tayarisha kalamu. "So far" ni hadi sasa. "Is expected to" ni jambo linalotarajiwa, halijatokea. Asiyeisikia vizuri huripoti kwamba uchaguzi umeshafanyika wakati ni wa mwezi ujao. Kichwa cha habari nacho hutumia kitenzi cha wakati uliopo kwa tukio lililokwisha kupita: "Court rejects appeal" maana yake mahakama imeshaikataa rufaa.

Kupunguza kasi: lini ndiyo, lini hapana

Simu na kompyuta siku hizi zinaweza kupunguza kasi hadi robo tatu. Tumia kwa kipande kilichokushinda kabisa, kisha rudisha kasi ya kawaida usikilize tena mara hiyo hiyo. Usisikilize habari nzima hivyo. Mashine ikipunguza kasi huvuta sauti zilizopo, haiwezi kuirudisha silabi iliyomezwa. Mtu akisoma polepole kwa ajili ya wanafunzi huirudisha. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Na hapo ndipo penye mtego wa habari za polepole zenyewe. Ni rahisi kukaa nazo mwaka mzima ukijisifu kwamba unaelewa kila kitu, kumbe hujakutana na Kiingereza kinachomezwa. Panda ngazi pale utakapoona kwamba kwa kusikiliza mara moja unapata majibu yote manne, na imla yako ya habari nzima ina makosa machache, mengi yake yakiwa ya fungu la kwanza. Usingoje usiwe na kosa hata moja.

Kwa wanaofanya wawili au darasani

Wawili hufanya kazi hii vizuri kuliko mmoja. Kila mtu aandike imla yake bila kuangaliana, kisha mlinganishe kabla ya kufungua maandishi, mbishane. Mabishano ya "amesema thirteen", "hapana, thirty" hufundisha kuliko maelezo yangu yote hapa. Mwalimu mwenye spika ndogo na simu moja anaweza kuendesha darasa zima. Ahakikishe tu kwamba madirisha ya upande wa barabara yamefungwa, na asisome maandishi kwa sauti yake mwenyewe kabla wanafunzi hawajasikia ya msomaji.

Kuingia kwenye habari za kasi ya kawaida

Usiruke moja kwa moja. Chukua tukio ulilokwisha kulifanyia kazi katika kiwango cha wanafunzi, kisha tafuta taarifa ya tukio hilo hilo katika idhaa ya kawaida, kwa mfano BBC World Service. Watangazaji wengi wa redio huhesabu maneno matatu kwa sekunde moja wanapopanga muda wa habari, na mwanzoni utaona kama mvua. Lakini majina unayo, idadi unayo, mpangilio wa tukio unao. Fanyia imla sentensi mbili za kwanza tu, siyo taarifa nzima.

Baada ya hapo anza kuwasikiliza waandishi wanaoripoti kutoka sehemu mbalimbali. Idhaa za dunia zina watu wa Lagos, Delhi, Glasgow na Nairobi, na kila mmoja ana Kiingereza chake. Mmarekani hutamka r ambayo Mwingereza wa kusini huiacha, na t ya katikati ya "city" au "water" kwake hulainika hadi kukaribia d. Kwa "can" na "can't" Wamarekani huwapa watu taabu, kwa kuwa ile t ya mwisho mara nyingi haisikiki. Tazama nguvu ya neno badala yake, "can" humezwa, "can't" hutamkwa kwa uzito. Ukimkuta mwandishi ambaye lafudhi yake inakushinda kabisa, hifadhi nusu dakika yake tu, ifanyie imla kwa hatua zile zile, na wiki inayofuata mtafute yeye huyo huyo katika habari nyingine.